Nenda na Jicho la Kazi Yako

Wageni wangu wana maswali mawili. La kwanza hutoka ndani ya dakika tano: "Sasa hii nayo ni sanaa?" La pili hutoka baada ya saa moja: "Hivi hapa hakuna pa kukaa?"

Mimi ni muuguzi, Mtanga, na ninaishi kusini mwa London. Ndugu akija Uingereza kwa matibabu, masomo, harusi au matembezi, hufikia kwangu. London ni ghali na mvua yake haitoi taarifa. Tate Modern, jumba la sanaa, haina kiingilio, ina paa, na basi linatushusha jirani. Kwa sababu hizo tatu, wala si kwa mapenzi makubwa ya sanaa, nimewapeleka huko watu wa kila aina: wazee, wanafunzi, mafundi, mama wa nyumbani na shehe mmoja aliyekuwa na haraka ya kuwahi alasiri.

Kwa kufuatana nao nimeona jambo moja. Anayefaidi zaidi pale ndani si aliyesoma zaidi. Ni yule anayeingia na jicho la kazi yake, akakitazama kitu namna anavyotazama chochote kilichotengenezwa na binadamu: kimetokana na nini, kimeunganishwaje, kimekula jasho la nani. Anayetoka amenuna ni yule aliyedhani anafanyiwa mtihani, akawa anatafuta jibu sahihi ukutani.

Mtambo uliozimwa

Ushahidi wangu wa kwanza ni mjomba. Maisha yake yote ya kazi aliyamaliza kwenye mtambo wa umeme wa dizeli, akastaafu na masikio mazito na msimamo kwamba picha nzuri ni ile inayofanana na mtu mwenyewe. Nilijua nina kazi ngumu. Nilichosahau ni kwamba jengo lenyewe lilikuwa la watu wa kazi yake.

Tate Modern iko katika kilichokuwa kituo cha kufua umeme cha Bankside, ukingoni mwa mto Thames, ng'ambo ya Kanisa Kuu la St Paul's. Msanifu wake alikuwa Giles Gilbert Scott, yuleyule aliyebuni vibanda vyekundu vya simu ambavyo watalii hupigia picha mpaka leo. Kituo kilijengwa kwa awamu mbili kati ya 1947 na 1963, kikachoma mafuta mazito, na mwaka 1981, bei ya mafuta ikiwa imepaa, kikazimwa. Jengo likabaki na bomba lake la moshi la mita 99. Wasanifu wa Uswisi, Herzog na de Meuron, ndio waliopewa kazi ya kuligeuza, na Mei 2000 milango ikafunguliwa. Badala ya kuficha mifupa ya kiwanda, wao waliiacha ionekane.

Basi tukaingia kwa mlango wa magharibi, ambako sakafu inateremka taratibu mpaka ndani ya Turbine Hall, ukumbi uliokuwa wa mashine: urefu mita 155, kimo mita 35. Mjomba hakutazama sanaa yoyote. Aliinua kichwa.

"Kreni ile," alisema. "Ndiyo ya kunyanyulia rota wakati wa matengenezo. Wameiacha."

Kreni kweli ipo, juu kabisa, kwenye reli zake. Akaendelea: boila zilikuwa upande wa mtoni, mvuke unaingia hapa, umeme unatokea kule. Hakuwa amesoma kibao chochote, lakini alipatia. Vyumba vya picha vya upande wa mtoni viko mahali zilipokuwa boila. Akauliza matangi ya mafuta yalikuwa wapi. Nikamteremsha chini: matangi makubwa ya mviringo yaliyochimbiwa ardhini, ambayo yalifunguliwa 2012 kwa maonyesho ya sauti, filamu na uchezaji. Alipitisha kiganja kwenye zege, akatafuta mabomba yaliingilia wapi, akayaona mahali yalipozibwa. Tulipozunguka upande wa kusini nikamwambia kwamba huko bado kuna kituo cha kusambaza umeme kinachofanya kazi, na kuna wakati mvumo wa transfoma husikika. Akasimama akatega yale masikio yake mazito. Sijui kama alisikia, ila aliridhika.

Ukumbi unaomuingiza mgeni kazini

Ukumbi ule mkubwa hupewa msanii mmoja kwa miezi kadhaa aujaze atakavyo, na humo ndimo wageni walimoacha kuwa watazamaji tu. Mwaka 2003 Olafur Eliasson aliweka jua bandia mwisho wa ukumbi: nusu duara la taa za njano, na dari yote ya vioo iliyokamilisha duara. Hewani alipuliza ukungu wa maji na sukari. Watu walilala chali sakafuni, wageni kwa wenyeji, wakijitafuta kule juu na kupanga miili yao iandike maneno. Hakuna aliyewaagiza.

Mwaka 2007 Doris Salcedo wa Colombia aliipasua sakafu. Ufa wa mita 167 ulianza mwembamba mlangoni, ukapanuka ukienda. Alikuwa anazungumzia mpaka unaowatenga wahamiaji na watu wasio weupe katika Ulaya, mpaka ambao anayeruhusiwa kuvuka hauoni. Baadhi ya wageni walijikwaa na kuumia kidogo, ingawa tahadhari zilitolewa. Maonyesho yalipokwisha ufa ulizibwa, lakini kovu halikufutika: mstari wa zege wenye rangi tofauti bado unakwenda sakafuni, na watoto huufuata kwa kunyata, mguu mbele ya mguu. Mimi niliyekaa foleni za ofisi za uhamiaji sihitaji kuelezwa kazi ile kwa kirefu. Kila ninapoingia naivuka, na kila mara najua naivuka.

Oktoba 2010 ikaja zamu ya Ai Weiwei wa China: mbegu za alizeti zipatazo milioni 100, zote za kauri, zilizofinyangwa na kupakwa rangi kwa mkono na mafundi wapatao 1,600 wa mji wa Jingdezhen. Siku za mwanzo wageni waliruhusiwa kuzikanyaga. Baada ya siku chache ikaonekana zinatoa vumbi la kauri lisilofaa kwa mapafu, kamba ikawekwa, na watu wakabaki kutazama kwa mbali. Waliowahi kukanyaga huzungumzia sauti ya mbegu chini ya viatu. Waliochelewa huzungumzia rangi yake ya kijivu. Ni kazi ileile, lakini wamezuru vitu viwili.

Redio za Babeli

Kipande kilichomshika mjomba kuliko vyote ni cha Mbrazili Cildo Meireles, cha mwaka 2001, kiitwacho Babel. Unaingia chumba chenye mwanga wa buluu, hafifu. Katikati umesimama mnara wa mviringo unaofika mita tano hivi, na mnara wote ni redio, mamia kwa mamia, na zote zimewashwa. Kila moja imetegwa kwenye stesheni yake, sauti imepunguzwa. Mlangoni unasikia mvumo mmoja. Ukisogea unaanza kudaka kipande cha muziki, mtu anasoma habari, tangazo, mpira, lugha usiyoijua, kisha vyote vinazama tena.

Mtoto wa dada yangu, mwanafunzi wa chuo, alikuwa nasi. Alisoma kibao, akanieleza habari ya mnara wa Babeli na lugha zilizochafuka, akapiga picha, akawa amemaliza. "Twende mamdogo, tumeshaiona."

Mjomba hakuondoka. Alizunguka mnara akauzunguka tena. Kisha akatuita. "Mmeona zimepangwaje?" Chini ni zile redio kubwa za zamani, za mbao, zenye kitambaa mbele na vitufe vya kuzungusha. Kadiri unavyopanda zinakuwa ndogo, za plastiki, mpaka juu kabisa ni vidude vya kushika mkononi. "Hizi za chini ni za taa za ndani, lazima uzisubiri zipate moto. Zile za katikati ni za tranzista. Ukisoma toka chini kwenda juu unaona miaka." Kijana, ambaye redio anaijua kwenye simu tu, akarudi kutazama upya. Mjomba akamwonyesha iliyofanana na ile ya babu yake, iliyokuwa ikikaa juu ya kabati na kufunikwa kitambaa cha kufuma, ambayo mtoto akiigusa alichapwa.

Ndugu msomaji, ona kilichotokea. Kibao kilieleza maana. Mjomba alieleza kitu. Na maana ya mnara ule inakaa ndani ya kitu chenyewe: msanii alichagua redio kukuu ziwe msingi, na hilo halionekani mpaka mtu ainame.

Tofali 120

Shemeji yangu ni fundi mwashi wa Muheza. Alikuja kwa harusi, nikampeleka makusudi kwenye kazi ambayo Waingereza waliigombania zaidi ya zote: Equivalent VIII ya Mmarekani Carl Andre. Ni tofali 120 za kuchomea, zile za tanuri, zimelazwa sakafuni safu mbili. Basi. Tate ilizinunua 1972, kabla ya kuhamia jengo hili, na 1976 magazeti yalipozigundua kelele zilikuwa kubwa kwamba fedha za umma zimenunua tofali. Mgeni mmoja mwaka huo alizimwagia rangi ya buluu.

Shemeji alichuchumaa. Akahesabu: kumi kwa urefu, sita kwa upana, mara mbili. Akainamisha kichwa atazame mstari wa ukingo. "Hakuna udongo wala saruji, shemeji. Zimekaa kwa uzito wake tu. Na mistari imenyooka." Nikamwambia kwamba Andre aliwahi kufanya kazi reli, na kwamba hii ni ya nane katika kundi: zote nane zina tofali 120, kimo kimoja, ila kila moja ina umbo lake, hii nyembamba, ile pana, nyingine karibu mraba. Hapo uso ulifunguka. "Kwa hiyo anasema tofali 120 ni 120, upange utakavyo. Hilo kila mwashi analijua. Mteja ndiye asiyelijua."

Nikamuuliza, ni sanaa? "Kazi ni safi," alisema. "Bei sikuulizi, nisije nikaacha kujenga." Shemeji hakuipenda kazi ile, na hakulazimika kuipenda. Lakini aliiona, na wengi waliopiga kelele mwaka 1976 hawakuwahi kuchuchumaa mbele yake.

Kutoka vizibo mpaka kanga

Shangazi ni mshonaji. Alikuja wakati ukumbi mkubwa umepewa El Anatsui, Mghana aliyefundisha na kufanya kazi miaka mingi huko Nsukka, Nigeria. Kuanzia Oktoba 2023 aliuning'inizia ukumbi mapazia makubwa mno, mojawapo limejaa upepo mithili ya tanga la jahazi. Kwa mbali ni kitambaa cha kifalme. Kwa karibu ni vizibo vya chupa za pombe, maelfu kwa maelfu, vimepondwa, vimekunjwa na kuunganishwa kwa nyaya nyembamba za shaba.

Shangazi alikwenda moja kwa moja kwenye pindo. Alitazama nyuma, maana mshonaji haamini mbele ya nguo. "Hii haikushonwa na mtu mmoja," akasema. "Angalia hapa waya umekazwa, pale umelegea. Ni mikono mingi." Na ndivyo ilivyo: Anatsui hufanya kazi na wasaidizi wengi, wanaounganisha vipande vidogo mpaka vinakuwa shuka. Nilipomweleza kwamba pombe ile inakumbusha biashara ya miwa, ramu na watumwa iliyovuka Atlantiki, alitikisa kichwa akarudi kwenye nyaya. "Watu wameunganishwa kwa nguvu," alisema, nami sikuongeza neno.

Miaka miwili kabla, Novemba 2021, jumba lilifungua maonyesho makubwa ya Lubaina Himid. Huyu ni mtu wa kwetu kwa kuzaliwa: alizaliwa Unguja 1954, baba yake akafariki kwa malaria, na mama akarudi naye Uingereza angali mchanga. Mwaka 2017, akiwa na miaka 63, alishinda Tuzo ya Turner ya sanaa, mwanamke Mweusi wa kwanza kuipata. Nilikwenda na jirani yangu wa Zanzibar. Kabla hata ya kufika chumba cha kwanza tulikuta bendera zimetundikwa juu, na jirani akasimama ghafla: pindo kuzunguka, mji katikati, jina chini. Kanga! Maneno yalikuwa ya Kiingereza, lakini hakuhitaji mtu wa kumfundisha pa kuanzia. Alisoma jina kwanza, akatazama mji, akarudi kwenye jina, kisha akauliza swali ambalo kila mwanamke wa pwani angeuliza: "Anamwambia nani?" Wageni wengine walipita chini ya bendera zile wakidhani ni mapambo ya mlangoni.

Kidonda cha picha

Na mimi je? Jicho langu ni la wodini. Kwa miaka mingi Tate Modern ilikuwa na chumba cha picha za mchoraji Mark Rothko, kubwa, nyekundu iliyoiva na kahawia, mwanga mdogo, benchi katikati. Alizianza 1958 kwa ajili ya mkahawa wa kifahari wa New York, akaghairi, baadaye akawapa Tate tisa. Ziliwasili London Februari 1970, siku ileile aliyofariki.

Oktoba 2012 mtu aliandika kwa wino mweusi kwenye kona ya mojawapo. Wino ulipenya, kwa sababu Rothko alipaka tabaka nyembamba nyembamba, akichanganya vitu vingi, hata mayai. Wahifadhi walifanya kama wauguzi wa vidonda wanavyotakiwa kufanya: hawakukimbilia kusugua. Walitengeneza kwanza kipande cha majaribio chenye tabaka za namna ileile, wakakipaka wino uleule, wakajaribu kemikali moja baada ya nyingine mpaka wakaipata inayotoa wino bila kula rangi. Kazi ilichukua miezi 18, na picha ikarudi ukutani Mei 2014. Nilikwenda kuitazama kona ile. Macho yangu hayakuona kitu, na kwa mtu wa kazi yangu hiyo ndiyo sifa ya juu kabisa. Tangu hapo nikawa naketi kwenye benchi lile nikitoka zamu ya usiku, nikingoja nyekundu itengane na nyekundu, jambo ambalo huchukua dakika kadhaa na haliji kwa mwenye haraka.

Na haraka ndiyo ugonjwa mkuu wa makumbusho. Mwaka 2001 watafiti Jeffrey Smith na Lisa Smith walichapisha matokeo ya kuwapimia muda wageni wa Metropolitan Museum of Art, New York. Mbele ya kazi mashuhuri, mtu alisimama wastani wa sekunde 27, na nusu yao hawakuzidi 17. Humo mna muda wa kusoma kibao. Kwa mwendo huo mjomba asingefika hata nyuma ya mnara wa redio.

Ukienda

Mkusanyiko wa kudumu ni bure, maonyesho maalumu hulipiwa, na hakuna aibu kutoingia ya kulipia. Usijaribu kumaliza jumba. Chagua vyumba viwili au vitatu, na katika kila chumba kazi moja. Itazame kwanza, soma kibao baadaye, na unaposoma usiruke mstari wa vifaa: turubai, waya, nywele, mkaa. Mara nyingi mstari ule mfupi una habari kuliko aya iliyo chini yake. Ukikwama, muulize mhudumu aliyesimama pembeni. Kazi ile yeye huitazama kutwa, na wengi hufurahi kuulizwa kitu kisichokuwa njia ya chooni.

Usiguse, isipokuwa ukiambiwa uguse. Mwaka 2017 kundi la Superflex la Denmark lilijaza ukumbi mkubwa bembea za watu watatu watatu, na mgeni asiyepanda alikuwa hajaiona kazi. Na usiwaonee haya watoto wanaolala sakafuni na penseli zao, maana wao huzidi sekunde 27 bila shida.

Hayo yote hayahitaji viza. Nafasi Art Space pale Mikocheni, Dar es Salaam, Nairobi Contemporary Art Institute iliyoanzishwa na mchoraji Michael Armitage, hata vibanda vya ushirika wa Tingatinga kule Oysterbay, vyote ni mahali ambapo mshonaji, mwashi na fundi umeme wanaweza kuingia na jicho lao bila kumwomba mtu radhi.

Mjomba amerudi Tanga, na bado ananipigia simu kuhusu jambo hili. Huko kuna maghala ya mkonge yamekaa matupu, kuna karakana, kuna mitambo iliyozimwa. Ananiambia, mpwa wangu, jengo si tatizo. Kinachotakiwa ni paa lisilovuja, mlango usiotoza kiingilio, na mtu wa kulipa bili ya umeme. Kwa hilo la tatu, anasema, asitazamwe yeye, kwani ameshastaafu.